Aliyepigwa chini ya mshipi apewe muda wake: barua ya wazi kwa wakuu wa ndondi

Kwa wakuu wa ndondi za ridhaa na za kulipwa nchini, kwa maafisa wa michezo wa kaunti zetu kuanzia Nakuru hadi Busia, na kwa ndugu zetu waamuzi na majaji,

Salamu kutoka Bondeni, Nakuru. Wengi wenu hamnijui kwa jina, ila mmewahi kuinama juu ya meza yangu mkiuliza zimebaki sekunde ngapi. Mimi ni yule mzee wa kengele. Miaka yote hii nimekaa pembeni mwa ulingo, saa mkononi, na ninachowaandikia leo ni habari ya saa hiyo. Bondia akipigwa chini ya mshipi na mwamuzi akasimamisha pambano, hakuna anayejua kijana amepewa muda gani wa kurudiwa na pumzi. Bondia mwenyewe hajui, kona yake haijui, majaji hawajui, nami mwenye saa sijui. Anajua mwamuzi peke yake, na mara nyingine ukimtazama usoni unaona hata yeye anaamua kwa kusikiliza kelele za ukumbi.

Chukueni mfano mmoja. Mashindano sitayataja, wala mwamuzi sitamtaja, maana si yeye peke yake na kumwanika hakutamsaidia bondia yeyote. Kijana mmoja aliyekuja na matatu ya alfajiri kutoka upande wa Kisumu alikuwa anapigana vizuri: anatembea, anatupa jebu, anatoka. Raundi ya pili mpinzani wake, anayepigania mkono wa kushoto, akarusha ngumi ya tumbo ikateleza, ikatua kinenani. Sisi wa mezani tuliisikia. Kinga ya kinena ikigongwa hutoa mlio mkavu ambao ngozi ya tumbo haitoi. Kijana akapiga goti. Mwamuzi akaingia katikati, akasita, kisha akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Hakuonyesha kwa mkono kwamba ngumi imetua chini. Hakunigeukia kuniambia nisimamishe saa, na bila ishara yake siruhusiwi kuigusa, kwa hiyo sekunde za raundi zikaendelea kuliwa. Nyuma yangu watu wanapiga mayowe: "Amka, wacha kujifanya!" Wengine: "Refa, maliza!" Ilipofika nane kijana akainua glavu. Akaulizwa, "Uko sawa?" Akaitikia kwa kichwa. "Boksi!"

Muda uliobaki wa raundi ile hakurusha ngumi ya maana. Alijikunja, akakumbatia, akasukumwa kwenye kamba. Pambano lilipokwisha jaji mmoja akasema alidhani kijana ameangushwa kwa ngumi halali. Mwenzake akasema la, ile ilikuwa ya chini. Wote wawili walikuwa wameshaandika. Kijana alishindwa kwa tofauti ndogo. Sisemi angeshinda, kwa sababu mpinzani wake naye ni bondia, na raundi ya tatu aliichukua kwa haki. Nasema tu kwamba majaji wawili waliitazama ngumi moja wakaandika mambo mawili, na kosa si lao. Hawakuambiwa.

Kanuni zenyewe si siri. Kwa upande wa ridhaa, kanuni za kiufundi za AIBA (shirikisho la dunia la ndondi za ridhaa, ambalo tangu 2021 linaitwa IBA), ambazo waamuzi wetu wengi walifunzwa nazo, zinaeleza hatua kwa hatua. Aliyepigwa asipolalamika, na ngumi ikiwa si nzito wala si ya makusudi, mwamuzi anaonyesha kosa bila kusimamisha pambano. Akilalamika kwamba ameumia, mwamuzi ana njia mbili. Kama ngumi ilikuwa nzito na ya makusudi, amtoe aliyeipiga papo hapo. Kama sivyo, amhesabie aliyeumia hadi nane. Baada ya nane, akiwa bado hajaweza, anaweza kuongezewa muda usiozidi dakika moja na nusu. Muda huo ukiisha na bado hawezi, mpinzani wake ndiye anayeinuliwa mkono.

Hebu someni tena hapo mwisho. Aliyefanyiwa kosa ndiye anayeshindwa. Sipingi kanuni hiyo, nitaeleza baadaye ilikotoka. Lakini ikiwa sheria ni kali namna hiyo kwa mtu aliyeonewa, basi zile sekunde 90 ndizo kinga yake pekee, na kumnyima hata moja ni kumwibia. Pambano la ridhaa ni raundi tatu za dakika 3. Sekunde 90 ni nusu ya raundi nzima. Saa yangu isiposimamishwa, aliyepiga ngumi ya chini huku akiongoza anapata zawadi: raundi inayoyoma huku mwenzake amepiga goti.

Kwa ngumi za kulipwa hesabu ni nyingine. Kanuni za pamoja zinazotumiwa na tume za majimbo ya Marekani, na kuigwa kwingi, zinampa aliyepigwa chini kwa bahati mbaya muda wa kutosha usiozidi dakika 5. Ngumi hiyo haihesabiwi kuwa ya kumwangusha, na asipoweza kuendelea baada ya muda huo amepoteza. Mabondia wetu wengi wanazichukulia dakika hizo 5 kama haki yao hadi ya mwisho. Sivyo. Huo ni ukomo. Mwamuzi akiona baada ya dakika mbili kwamba mtu amerudi, anaweza kuanzisha pambano. Lakini ili aseme "dakika mbili zimetosha" ni lazima pawe na mtu aliyezihesabu, na katika kumbi zetu mtu huyo hajawahi kuagizwa.

Ugumu huzidi usiku ule ambao vijana wa ridhaa wanafungua na wa kulipwa wanafunga, meza ile ile, kengele ile ile, mashabiki wale wale. Saa mbili usiku kijana amepewa hesabu ya nane. Saa nne bondia wa kulipwa anazungushwa ulingoni dakika tatu akivuta pumzi. Ukumbi unalipuka: "Huyu anapendelewa!" Hakuna anayepokea kipaza sauti kueleza kwamba kanuni ni mbili.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Katika ridhaa, hesabu ya nane anayopewa aliyepigwa chini inafanana kabisa na anayopewa aliyeangushwa kwa ngumi safi. Vidole vile vile, sauti ile ile. Mtu aliyekaa safu ya tatu hawezi kutofautisha, na jaji aliyezibwa na mgongo wa bondia hawezi pia. Kinachotofautisha ni ishara moja ya mkono kabla ya "moja": mwamuzi anaelekeza chini ya mshipi, anamwonyesha aliyekosa, anampeleka kona nyeupe, ile isiyo ya bondia yeyote, ndipo anaanza. Ishara hiyo haichukui sekunde mbili. Ndiyo hiyo ninayoiona ikirukwa, mashindano baada ya mashindano.

Niseme na habari ya mwili, maana nasikia hata makocha wakiiambia kona, "Ni maumivu tu, yataisha." Yataisha, ndiyo, lakini si ndani ya nane. Korodani huanzia tumboni mtoto akiwa bado hajazaliwa, kisha hushuka, na mishipa yake ya fahamu inabaki imefungamana na ya tumbo. Ndiyo sababu mtu akipigwa huko hushika tumbo, hutokwa na jasho la baridi, hutaka kutapika. Mwamuzi anayehesabu haraka anamrudisha kijana kazini wakati maumivu bado yanapanda. Mara nyingi hupungua ndani ya dakika chache, na dakika chache ndizo kanuni ilizokusudia.

Upande wa pili, kuna ngumi ya ini. Hiyo ni halali kabisa, inapita chini ya mbavu za kulia, na ujanja wake ni kwamba inachelewa: anapigwa, anasimama, sekunde moja au mbili baadaye anakunjika na kwenda chini. Mwamuzi aliyekuwa nyuma ya mgongo anaona mtu ameshika tumbo, anadhani ni ngumi ya chini, anatoa muda ambao haukustahili. Aliyepiga ngumi nzuri ya kazi amedhulumiwa. Kwa hiyo msidhani nawatetea walioshika tumbo tu. Ninataka mwamuzi asimame mahali ambapo anaona mishipi yote miwili, aamue kwanza ngumi ilikuwa gani, kisha aseme. Asipokuwa ameona, si aibu. Kanuni za ridhaa za zamani zilimruhusu mwamuzi aliyeshuku kosa asiloliona kuwauliza majaji, na sielewi kwa nini tunaona haya kuuliza.

Kuna jambo jingine ambalo daktari wa ulingo analijua ila hasikilizwi. Maumivu yasiyopungua baada ya saa moja, uvimbe, au damu kwenye mkojo, si mambo ya kulala nayo. Pigo linaweza kuifanya korodani ijinyonge, damu isiifikie, na baada ya saa kama sita uwezekano wa kuiokoa unapungua sana. Sasa fikirieni kijana aliyepigwa Nakuru saa tatu usiku, akapewa posho yake, akajikunja kwenye matatu kupitia Kericho mpaka Kisumu, akaona aibu kusema njia nzima, akafika kwao Nyalenda usiku wa manane, akalala. Kesho yake adhuhuri ndipo mama yake anampeleka Russia, kama tunavyoiita ile hospitali kubwa ya Jaramogi. Saa zimekwisha. Hospitali ya rufaa ya Nakuru ilikuwa hapo hapo karibu na ukumbi. Yeyote aliyepewa muda kwa ngumi ya chini aonwe na daktari kabla hajavaa viatu vyake vya nyumbani, na aonwe faraghani, si mbele ya timu inayocheka.

Sasa lile swali, "Uko sawa?" Jamani. Kijana wa miaka kumi na tisa, mbele ya mtaa wake, mbele ya msichana aliyemwalika, mbele ya kocha aliyemnunulia viatu, atajibu nini? Atasema yuko sawa hata kama haoni taa. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Seoul mwaka 1988, alikuwa bondia kuliko sisi sote. Mwezi Julai 1994 huko Las Vegas mwamuzi alisimamisha pambano lake na David Gonzalez, na Wangila akalalamika kwamba amekatizwa mapema. Siku mbili baadaye alikuwa amefariki. Ile haikuwa ngumi ya chini, najua. Lakini tangu siku hiyo neno la bondia kuhusu hali yake mwenyewe kwangu si ushahidi. Mwamuzi amtembeze hatua mbili, amwambie ainue goti moja kisha la pili, amtazame anavyopumua. Anayeweza kuinua magoti anaweza kupigana. Asiyeweza, hata akiapa, bado.

Najua mtakachojibu: waigizaji. Mtasema tukifungua mlango wa kupumzika, kila anayezidiwa atashika kinena. Hofu hiyo ni ya kweli na ina historia yake. Tarehe 12 Juni 1930, Yankee Stadium, New York, Jack Sharkey alimpiga Max Schmeling ngumi ya chini katika raundi ya nne, na Schmeling akatangazwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu akiwa hajiwezi. Watu walikasirika. Baada ya hapo New York wakaamua kwamba mtu hatashinda tena kwa kupigwa chini, na kila bondia avae kinga. Ndiko ilikotoka ile sheria kali niliyowaambia. Ilitungwa kumzuia mwigizaji, na inamzuia: anayejifanya hawezi, muda ukiisha, anashindwa. Kwa hiyo mwigizaji hana faida kubwa ya kungoja. Faida pekee anayoipata ni pumzi, na dawa ya hilo ni mwamuzi anayejua kutofautisha, si kumnyima pumzi aliyeumia kweli.

Kinachowatia watu kishawishi cha kupiga chini ni kwamba hakuna bei. Katika ridhaa onyo rasmi linamwondolea bondia pointi moja, na la tatu linamtoa. Kwenye pambano la raundi tatu, ambapo kadi nyingi husoma 29 kwa 28, pointi hiyo moja ni pambano zima. Waamuzi wetu wanalijua hilo, na nadhani ndiyo sababu wanaogopa kuitoa. Wanabaki kunong'ona, "Juu, juu, piga juu," mara nne, mara tano, mpaka kengele. Kunong'ona si onyo.

Tunayo kesi yetu Waafrika ya kukumbuka. Tarehe 13 Agosti 2011, Las Vegas, Joseph Agbeko wa Ghana alipigana na Abner Mares wa Mexico. Mares alipiga chini tena na tena. Mwamuzi Russell Mora hakumwondolea hata pointi moja, na raundi ya 11, ngumi iliyotua wazi chini ya mshipi ikamwangusha Agbeko, mwamuzi akamhesabia kama aliyeangushwa kwa haki. Dunia nzima iliona kwenye marudio ya televisheni. IBF, mojawapo ya mashirikisho ya dunia ya ndondi za kulipwa, ikaagiza wapigane upya, na Desemba mwaka huo huo Mares akashinda tena, safari hii bila utata. Wengine husema basi haikuleta tofauti. Mimi nasema ilileta: Mares alipata ushindi ambao hakuna anayeudharau. Lakini huko kulikuwa na kamera kila pembe na shirikisho la kupeleka malalamiko. Hapa kwetu tuna simu ya binamu ya bondia, inayotikisika.

Na wanaoogopa mashabiki wamkumbuke Andrew Golota. Mwaka 1996, katika Madison Square Garden ya New York, jina moja na ukumbi wetu wa ndondi hapa Nakuru, Golota alikuwa akiongoza dhidi ya Riddick Bowe, anamchapa vizuri, na hakuna aliyeelewa kwa nini hakuacha kupiga chini. Mwamuzi Wayne Kelly alimkata pointi, akamkata tena, na raundi ya 7 akamtoa. Vurugu zilizofuata zilikuwa mbaya, watu walipanda ulingoni, wengine wakaumia. Desemba mwaka huo huo wakarudiana, na Golota akatolewa tena kwa kosa lile lile, raundi ya 9. Kelly alifanya kazi yake ingawa ukumbi ulilipuka. Kwetu mashabiki wako hatua tatu kutoka kwenye kamba, nalitambua hilo. Ndiyo maana ulinzi wa mwamuzi ni kazi ya waandaaji, na asiachiwe yeye mwenyewe kujilinda kwa kutoamua.

Mwaka 2023 huko Wrocław, Poland, Daniel Dubois alimpiga Oleksandr Usyk raundi ya 5, ngumi iliyogusa pale mpakani, kwenye mshipi. Mwamuzi Luis Pabon akaamua papo hapo kwamba ni ya chini. Usyk akapumzika karibu dakika nne, akaendelea, akashinda raundi ya 9. Watu wanabishana mpaka leo kama ngumi ile ilikuwa halali. Wabishane. Lakini hakuna aliyetoka uwanjani akiuliza mwamuzi ameamua nini.

Mpaka wenyewe basi. Mshipi unaozungumziwa na kanuni ni mstari wa kuwazia kutoka kitovuni hadi juu ya nyonga, wala si ule mpira wa bukta. Vijana wetu wananunua bukta Kibuye au hapa sokoni kwa mitumba, kubwa kuliko wao, wanazipandisha hadi chini ya kifua. Ukimpiga tumboni, umempiga kwenye bukta, naye analia amepigwa chini. Wengine kinga ni kubwa, inapanda juu ya kitovu. Haya yote yanamalizika dakika moja kabla ya pambano: mwamuzi amwite kila bondia, aweke kidole pale, aseme, "Juu ya hapa ni halali, chini ya hapa ni kosa," mbele ya mpinzani. Nimeona waamuzi wa zamani wakifanya hivyo. Wa sasa wanagonganisha glavu na kuanza.

Na kinga ya kinena yenyewe, wakuu, tuseme ukweli. Klabu nyingi za magharibi zina moja au mbili. Kijana anashuka ulingoni, anaivua ikiwa imelowa jasho, anamkabidhi mwenzake anayepanda. Mwembamba anaifunga ile ile iliyokuwa ya uzani wa juu, inazunguka kiunoni kama kikapu. Akipigwa, kinga yenyewe ndiyo inayomuumiza. Kaunti zinazotenga pesa za kununulia timu jezi zenye picha ya mheshimiwa zinaweza kutenga za kinga kwa saizi tatu. Sitalizungushia maneno hilo.

Wasichana wetu nao wamesahaulika kabisa katika habari hii. Conjestina Achieng ametoka Siaya, akaonyesha nchi kwamba mwanamke wa huku anaweza kujaza ukumbi. Elizabeth Andiego akapigana Olimpiki ya London mwaka 2012, mwaka wa kwanza wanawake kuruhusiwa ndondi za Olimpiki. Tangu hapo mabinti wamejaa kwenye mazoezi, Kisumu hasa. Lakini akipigwa chini, mwamuzi anampungia mkono aendelee, kana kwamba kwa kuwa hana korodani hana maumivu. Mfupa wa kinena uko pale. Kibofu kiko pale. Wanawake wana kinga zao za nyonga, na ngumi ya chini kwao ni kosa lile lile, kwa muda ule ule. Nimemwona binti mmoja akikaguliwa na mwamuzi ambaye hakujua hata aangalie wapi, akaishia kumkagua glavu. Wapeni waamuzi wa kike nafasi katika mashindano ya huku. Wapo, ila wanaitwa kujaza nafasi tu.

Ninachoomba hasa hakihitaji pesa nyingi. Mwamuzi akiona ngumi ya chini iliyomwumiza mtu, aseme "Taimu" kwa sauti ya kunifikia, aonyeshe chini, ampeleke mkosaji kona nyeupe, aonyeshe kwa majaji kama ni onyo au si onyo. Mimi nasimamisha saa ya raundi, naibonyeza ya pili. Mtangazaji anasema, kwa Kiswahili ili mama wa bondia aelewe: "Ngumi ya chini. Muda ni hadi dakika moja na nusu." Au dakika 5, kama ni wa kulipwa. Kila nusu dakika naita kwa mwamuzi. Kona zote mbili zinyamaze: nimeona makocha wakigeuza mapumziko hayo kuwa darasa, na aliyefanya kosa akatoka kona nyeupe amefundishwa upya. Mwishoni iandikwe kwenye fomu: raundi gani, alipumzika sekunde ngapi, onyo lilitolewa au la, daktari alisema nini. Fomu hiyo isainiwe na msimamizi, ili kocha akipeleka malalamiko kuwe na karatasi ya kusoma, si hadithi.

Mkiona hilo ni zito, anzeni na ishara na tangazo tu. Hivyo viwili vingezuia nusu ya ugomvi ninaousikia nyuma ya kiti changu.

Siwaonei waamuzi. Najua wanavyolipwa, na wakati mwingine wanavyongojea kulipwa. Wanapanda matatu kutoka Kakamega wakiwa na suruali nyeupe kwenye mfuko wa plastiki, wanasimamia mapambano kumi na kitu bila maji, wanatukanwa, wanarudi usiku. Kozi zikitangazwa, ni Nairobi, na nauli ni yao. Leteni kozi moja Kisumu au Nakuru, siku mbili zinatosha, moja nzima iwe ya makosa tu: ngumi ya chini, kichwa, kisogo. Wawekeeni video za Agbeko na Usyk, wasimamishe picha, kila mmoja aseme angefanya nini, wabishane mpaka wakubaliane. Waiteni na makocha, maana nusu ya ngumi za chini zinafundishwa. Mnajua hivyo. Kuna klabu ambazo mtoto anaambiwa, "Akikukumbatia, mpe moja ya chini refa akiwa upande ule." Makocha hao wanajulikana kwa majina, na wanaendelea kupewa leseni.

Nakuru hii imewahi kumpa dunia Philip Waruinge. Mwaka 1968 huko Mexico alirudi na shaba tu, lakini akapewa kombe la Val Barker, la bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki ile, na mwaka 1972 Munich akaongeza fedha. Ufundi wake ulikuwa wa miguu na wa mkono ulionyooka. Vijana wanaojifunza kupigana namna hiyo ndio wanaoumizwa zaidi na hali ya sasa, kwa sababu njia rahisi ya kumsimamisha anayetembea vizuri ni kumgonga kiunoni na kinenani mpaka asimame, na ikiwa hakuna onyo, kwa nini mpinzani asifanye?

Saa ya pili ninayo tayari, na nimeijaribu. Fomu nimeichora kwa mkono, ukurasa mmoja, nitampa yeyote atakayeihitaji. Kilichobaki ni agizo lenu la maandishi kwa waamuzi, lifike kabla ya mashindano yajayo ya kanda, na nakala yake ibandikwe mlangoni pa chumba cha kupimia uzani, ambapo mabondia na makocha watalisoma wakiwa wamesimama kwenye foleni.

Wenu katika ndondi,

Mshika saa, Bondeni, Nakuru